Wakunga wa Samaki

Katika zahanati yetu ya wazazi, samaki alikuwa na kadi ya kliniki iliyojazwa kila siku, wakati kadi ya mkamwana wangu ilikuwa na mistari mitatu tu. Nasema mapema ili mtu asije akadhani natia chumvi. Kadi zote mbili nimezishika kwa mkono wangu, na kusoma najua, ingawa pale kazini wapo wanaoamini kwamba mwenye ndoo hajui herufi.

Mimi ni mfagizi. Huu ni mwaka wa kumi na moja nadeki mapokezi, korido, chumba cha kupimia na leba. Katika miaka hiyo nimesimama mlangoni na tambara mkononi, nikisubiri watoto wamalize kuzaliwa ili nami nianze kazi. Mfagizi haonekani. Watu huvuliwa nguo mbele yangu, wakunga hutetana mbele yangu, kisha mtu ananiruka kama anavyoruka kizingiti. Zamani iliniuma. Siku hizi naona ni mahali pazuri pa kutazamia dunia.

Na mwaka huo wa samaki nilikuwa na jambo moja tu la kutazamia. Mkamwana wangu alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza, uchungu ulimshika nikiwa safarini kwenye msiba wa dada yangu, na mwanangu ni dereva wa lori, siku hiyo alikuwa mbali. Msichana wa watu akaenda zahanati peke yake. Alipiga kelele, kama anavyopiga kelele mtu yeyote aliyeshikwa na uchungu. Matroni, mkunga wetu mkuu, akamwambia, kelele za nini, njia bado haijafunguka, rudi nyumbani ukatembeetembee. Akatembea. Mtoto alitoka barabarani, nje ya duka la mbao, akiwa kimya, na akabaki kimya.

Niliporudi nilimweleza Matroni kwamba yule alikuwa mke wa mwanangu. Akasema pole sana, mambo hayo hutokea. Kisha akasema chooni hakuna sabuni.

Tangu hapo mkamwana wangu akaweka nadhiri ya ajabu. Aliniambia siku moja tukianua nguo: "Mama, safari hii sitapiga kelele. Sitawaudhi." Utadhani mtoto alikufa kwa sababu wakunga waliudhika. Nilimwambia apige kelele mpaka bati ling'oke, lakini alishajifunga. Ukimuuliza hali, sijambo. Ukimwona kakunja uso, si kitu. Zahanati nyingine iko mwendo wa saa mbili kwa gari, na gari lenyewe la kubahatisha, kwa hiyo hatukuwa na pa kukimbilia. Nilichotaka mimi ni kitu kimoja: siku ikifika, mtu aliyesomea kazi hiyo amtazame yule msichana kwa macho yote mawili.

Macho ya zahanati nzima, hata hivyo, yalikuwa kwenye tangi la samaki.

Tangi lililetwa na wakala wa dawa, likawekwa mapokezi juu ya kabati, ati mama mjamzito akitazama samaki presha inashuka. Ndani walikuwemo gapi watano, vile visamaki vya urembo ambavyo dume ni mdogo mwenye mkia wa rangi na jike ni mnene asiye na makuu. Wiki ya tatu Sista Miwani, mkunga wetu wa pili, mwanamke mzuri wa moyo lakini mgonjwa wa usafi, akaona ukungu kwenye kioo. Akalisugua tangi kwa dawa ile tunayoulia vijidudu vya leba. Akarudisha samaki mmoja mmoja, kwa heshima zote, na mmoja mmoja wakageuka tumbo juu. Nilimpokonya jagi lenye wa mwisho, jike, nikalisuuza tangi mara nne kabla ya kumrudisha. Wengine niliwazika kwenye taka za kawaida, ingawa Sista Miwani alisisitiza ndoo nyekundu ya taka za hatari.

Baada ya miezi miwili nikaona doa. Kabla ya zahanati nilifanya kazi za ndani kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyejaza matangi ya gapi sebuleni, na yule mama hakuwa mchoyo wa elimu. Alinifundisha kwamba jike akishika mimba, chini ya tumbo, karibu na mkia, panakuwa na doa jeusi, na kadiri siku zinavyokwenda doa linakua na kukolea. Tumbo linajaa, na karibu na kuzaa linaacha kuwa la duara, linapata pembe kama kisanduku cha kiberiti. Siku yenyewe samaki hukataa chakula, hujitenga na wenzake, hukaa pembeni karibu na kile kijiti cha kupasha maji, hupumua haraka na kutetemeka. Samaki hana sauti, alikuwa akisema yule mwalimu, kwa hiyo anayetaka kumjua atumie macho.

Nikamwendea Matroni na habari yangu.

"Matroni, yule samaki ana mimba."

"Ya nani?"

Mapokezi yote yakacheka, hata akina mama wa kwenye benchi, ambao wengine wao swali hilohilo lingewatia jasho.

"Mume wake amekufa miezi miwili," Matroni akaendelea, akiona amepata hadhira. "Mimba ya nani? Ya wakala wa dawa?"

"Gapi akishapandwa mara moja huweka mbegu ndani yake, anazaa miezi kadhaa bila dume."

"Mama, mimi nimesomea uzazi miaka mitatu na nimezalisha miaka ishirini. Bila baba hakuna mtoto. Huyo amevimbiwa. Mpunguzie chakula, halafu ukafagie korido."

Nikaenda kufagia korido. Njiani nikamwongezea samaki chakula kidogo, kwa ubishi tu.

Siku ya tatu, yule kijana wa mashine ya kupiga picha za tumbo, tunayemwita Mpiga Picha, alisoma kwenye simu yake maneno yaleyale niliyoyasema mimi, kuhusu doa na kuhusu kuhifadhi mbegu. Akayasoma kwa sauti. Mwanamume, tena mwenye koti jeupe, tena anasoma kwenye simu! Matroni akasimama mbele ya tangi, akainama, akavaa miwani ya Sista Miwani, akasema polepole: "Mimi nililiona hilo doa tangu wiki jana. Jicho la mkunga halidanganyiki." Sista Miwani akaitikia kwa kichwa, maana bila miwani hakuwa anaona kitu.

Basi zahanati ikapata mgonjwa. Samaki akapewa jina la Mama Kijacho, na akafunguliwa kadi ya kliniki halisi, ile ya rangi ya waridi. Jina la mume: marehemu. Mimba ya ngapi: haijulikani. Mlalo wa mtoto: hapo walibishana asubuhi nzima, mwisho wakaandika "wengi". Kutafuta tarehe ya kujifungua Matroni alichukua lile gurudumu la karatasi la kukadiria mimba, akalizungusha, likampa mwakani. Mpiga Picha akasema simu inasema wiki nne. Matroni akalitazama gurudumu kwa jicho la kulilaumu, akaamua kwamba atalizungusha vilevile, kisha agawanye kwa kumi. Kila asubuhi aliyekuwa zamu alijaza: doa, ukubwa wa tumbo, hamu ya kula, upumuaji. Ukutani wakabandika tangazo: TAFADHALI USIGUSE KIOO, MAMA AMEPUMZIKA.

Akina mama wa kwenye benchi walikuwa wanaitwa kwa namba. "Namba saba, ingia! Namba nane, wewe unalala au unakuja?"

Mkamwana wangu siku ya kliniki yake ya mwisho alikuwa namba kumi na mbili. Niliingia naye chumba cha kupimia, nikajifanya nafuta dirisha. Matroni akamlaza, akamweka mkono tumboni, na wakati huohuo akapaza sauti kuelekea mlangoni.

"Sista! Doa limeongezeka?"

"Limeongezeka, Matroni!"

"Na tumbo?"

"Linaanza kupata pembe!"

"Vizuri sana," Matroni akasema, na mkamwana wangu, akidhani ameambiwa yeye, akasema ahsante.

Nikashindwa kunyamaza. "Matroni, huyu mwanangu mgongo unamuuma tangu juzi, na usiku halali. Ndiye yule wa mwaka jana."

"Mwache aseme mwenyewe. Binti, una tatizo lolote?"

"Sina, Matroni. Sijambo."

"Umeona? Haya, bado wiki mbili." Akaandika mstari wa tatu kwenye ile kadi, akaondoka na kalamu kwenda kwa samaki.

Nilimfokea mkamwana wangu njia nzima kurudi nyumbani. Nilisema maneno ambayo mama mkwe hapaswi kumwambia mtoto wa watu, kwamba ujinga wa aina hiyo ndio unaojaza makaburi. Tulipofika alinitangulia kunifungulia mlango, na nikajiona mimi ndiye mjinga. Nilikuwa namwogopea mpaka nikakosa adabu.

Wiki ileile tukagombana tena na Matroni juu ya samaki. Nilileta majani ya kwenye maji kutoka kwa yule mwalimu wangu, nikasema yatandazwe tangini, ili vitoto vikizaliwa vijifiche. Au tangi ligawanywe kwa wavu, mama huku, watoto kule.

"Kwa nini wajifiche?"

"Atawala."

Sista Miwani akavua miwani. Mpiga Picha akatafuta simu yake. Matroni akanionyesha kwa kidole lile bango kubwa la ukutani, lenye picha ya mama amemkumbatia kichanga kifuani.

"Unalisoma hilo? Mtoto apewe mama mara tu akizaliwa. Ngozi kwa ngozi. Katika leba yangu mtoto hatenganishwi na mama yake. Mama gani anakula watoto wake?"

"Samaki, Matroni."

"Hiyo ni kwa samaki wasiopata huduma," akasema, na majani yangu nikayakuta kwenye ndoo ya taka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini pale zahanati mkuu ndiye asiyesikia, na guu linalovunjika ni la mwingine.

Siku ya siku ilianza kwa chai. Nilimwandalia mkamwana wangu chai kabla sijaenda kazini, akaitazama tu. Nikamkatia mkate, akausogeza. Wiki mbili za Matroni zilikuwa bado siku tisa. Nikamuuliza unaumwa? Sijambo, Mama. Nikamwambia vaa kanga yako twende, na safari hii sikuuliza mara mbili.

Matroni alimpima kwa kasi, maana tangi lilikuwa limeshaanza vituko: Mama Kijacho naye alikuwa amekataa chakula.

"Njia bado kabisa. Sentimita mbili. Arudi nyumbani akatembeetembee."

Maneno yaleyale, kwa sauti ileile! Nikasema, "Matroni, harudi. Atakaa hapa kwenye benchi nikimwona."

"Benchi ni la wagonjwa wa leo."

"Basi akae ninapoweka ndoo zangu."

Akapandisha mabega. Nikamweka mkamwana wangu mwisho wa benchi, karibu na kistoo changu, nikaanza kudeki mapokezi ambayo nilikuwa nimeshayadeki. Nilideki palepale mara nne, mwanamke na tambara, nikizunguka kama mwewe.

Saa nne kasoro Sista Miwani akapiga ukelele: "Anatetemeka!" Basi watu wakatoka vyumbani. Matroni akaacha mama wa watu kitandani na kifaa cha presha mkononi, kinaning'inia. Mpiga Picha akatoka na jeli kwenye vidole. Dada wa mapokezi akapanda juu ya kiti. Hata akina mama wa kwenye benchi walisogea na matumbo yao, wakalizunguka tangi, migongo yote upande mmoja. Matroni alikuwa na saa mkononi na kadi ya waridi kwapani.

"Ametoka wa kwanza! Saa tatu na dakika hamsini na saba, andika!"

"Jamani, ana macho!"

"Wa pili! Mdogo kama punje!"

Nitakuwa mwongo nikisema mimi sikuchungulia. Nilichungulia. Gapi hutoa vitoto vimekunjwa, kila kimoja kinajinyoosha ndani ya maji na kuogelea papo hapo, na ni kitu kizuri, acha niseme ukweli. Nilitazama vitatu. Kisha nikageuka kumtazama mtu wangu, na benchi lilikuwa tupu.

Nilimkuta kwenye pembe nyuma ya kabati la mafaili. Alikuwa amechuchumaa, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa chumba cha kuchemshia vyombo, ule ukuta ambao siku zote una joto. Ameng'ata upindo wa kanga. Alikuwa anapumua haraka haraka, na magoti yanatetemeka. Chini yake maji yalikuwa yanaenea kwenye sakafu niliyotoka kuipangusa. Hakutoa sauti hata ya mbu.

"Mwanangu, tangu lini?"

Akatoa kanga mdomoni. "Tangu jana, Mama." Akairudisha.

Nikapaza sauti: "Matroni! Chupa imepasuka huku!"

"Subiri, anatoa wa sita!"

"Matroni, mtoto anakuja!"

"Wa saba! Sista, kamata hicho kilichopotelea nyuma, kisogeze kwa mama yake!"

Sikuita mara ya tatu. Mara ya tatu ni ya mwenye muda. Nilimshika makwapani, nikamkokota hatua kumi na mbili mpaka leba, na leba ilikuwa tupu, taa inawaka, kila kitu kinang'aa kwa sababu nilikisafisha mimi. Nikamlaza. Nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama nilivyoona wakinawa kwa miaka kumi na moja, nikavaa glavu, ya kushoto nikaivaa kulia. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa vibaya mno, na niliongea na Mungu kwa lugha ambayo msikitini wala kanisani hawafundishi.

"Mwanangu, piga kelele."

Akatikisa kichwa.

"Basi sukuma."

Akasukuma. Kichwa kilikuwa pale, cheusi, kimeshafika mlangoni, na yule aliyesema sentimita mbili aseme tena. Sikuvuta, maana nimewahi kusikia Matroni akimfokea mwanafunzi kwamba mtoto havutwi, hupokewa. Matroni anajua kazi yake, hilo nalo niliseme. Nikapitisha kidole shingoni, kitovu kilikuwa kimezunguka mara moja, kikateleza juu ya kichwa nilipokiinua. Bega moja, bega la pili, halafu mtoto wote kwa mara moja mikononi mwangu, wa moto, anateleza.

Alikuwa kimya.

Nilimwona mkamwana wangu ananitazama. Hakuuliza. Alijua ule ukimya, alishausikia nje ya duka la mbao, na uso wake ukaanza kufungika kama dirisha. Nikamgeuza mtoto kifudifudi kwenye kiganja, nikamsugua mgongo kwa taulo, nikamsugua kwa nguvu zangu za kusugulia sakafu. Nikamfuta mdomo na pua. Nikamsugua tena. Nikamwambia, bibi wewe, usinifanyie hivyo, babu yako tu ndiye aliyenifanyia jeuri katika nyumba yetu na sikumsamehe. Akakunja mguu. Akafungua mdomo. Akalia kilio cha hasira, cha mtu aliyeamshwa bila ruhusa, nami nikamweka kifuani kwa mama yake.

Wakati huohuo ukatoka ukelele mwingine mapokezi, wa watu wazima. Mama Kijacho alikuwa ameanza chakula chake cha mchana. Dada wa mapokezi alinisimulia baadaye kwamba Matroni mwenyewe alikuwa anavikusanya vitoto kwa chujio la chai na kuvimwaga mbele ya mdomo wa mama yao, kimoja kimoja, ngozi kwa ngozi, na samaki alikuwa anapokea kama anayelishwa. Walihesabu ishirini na tatu kwenye kadi. Walipoelewa kinachoendelea vilikuwa vimebaki viwili, na hivyo viwili vilipona kwa sababu vilijificha, bila huduma yoyote, nyuma ya kile kijiti cha kupasha maji.

Kilio cha mtoto ndicho kilichowaleta. Matroni alisimama mlangoni pa leba na chujio mkononi, linadondosha maji. Alitazama kitanda, akanitazama mimi na glavu zangu za kupishana.

"Nani amekuruhusu kuingia leba?"

"Naingia kila siku, Matroni. Leo nimeacha ndoo nje."

Sista Miwani, Mungu ambariki na dawa zake, hakuuliza kitu. Alimpita, akanawa, akabana kitovu, akakata, akapokea kondo, akakanda tumbo mpaka damu ikatulia, wala mikono yake haikukosea. Mtoto alikuwa wa kike, kilo tatu na robo. Matroni naye akaweka chujio chini, akapata tena sauti yake, akaanza kuamuru vitu vilivyokuwa vimeshafanyika.

Kisha akachukua kadi ya mkamwana wangu. Upande wa nyuma kuna sehemu ya kujifungua, mistari minne. Akaandika tarehe. Saa akaitazama ukutani, akapiga hesabu ya kubahatisha, akaandika. Jinsi ya mtoto akaandika. Mstari wa nne unasema "Amezalishwa na", na hapo kalamu haikusita hata kidogo. Ilianza kuandika herufi ya kwanza ya jina lake.

"Matroni," mkamwana wangu akasema kutoka kitandani. "Usiandike hapo."

"Pumzika, mama. Ni utaratibu tu."

"Wewe hukuwepo."

"Lazima liandikwe jina la mtaalamu. Hatuwezi kuandika mfagizi kwenye kadi ya serikali."

Hapo ndipo alipopiga kelele. Mtu aliyeweka nadhiri, aliyezaa na kanga mdomoni, alijiinua kwa viwiko na mtoto kifuani akapiga kelele ambayo niliisubiri mwaka mzima, na mlango ulikuwa wazi, na benchi zima likasikia.

"Hukuwepo! Mwaka jana nilikuita ukanifukuza, leo umeitwa ukasema usubiriwe! Ulikuwa kwa samaki! Aliyekuwepo ni mama!"

Mtoto akaamka, akalia naye. Huko nje akina mama wakaanza kunong'ona, halafu hawakunong'ona tena. Namba nne alisema jambo kuhusu mtoto wa dada yake. Namba tisa akasema na mimi, mwaka juzi. Matroni alitazama mlango, akamtazama Sista Miwani, na Sista Miwani alikuwa anafuta miwani yake kwa bidii ambayo sijawahi kuiona.

Matroni akaifuta ile herufi moja aliyoianza. Akanyoosha mkono, kadi na kalamu pamoja, bila kunitazama usoni.

Nikavua glavu. Nikaiweka kadi kwenye ukingo wa kitanda, ili mkamwana wangu aone. Nikaandika jina langu, nikaandika la baba yangu, nikaandika la babu yangu, mpaka mstari ukaisha. Mwandiko wangu ni mkubwa na mkono wangu si mwepesi, na Matroni alisimama pale muda wote akisubiri kalamu yake.